Kompyuta ya gemu inajizima na kujiwasha yenyewe: angalia kwanza imezimaje

Mwenye mashine ya namna hii akifika kwa fundi, mara nyingi huanza kwa kusema ameshaweka Windows upya, kisha anauliza bei ya kadi ya grafiki. Katika tatizo hili Windows huwa na hatia kwa nadra, na kadi ya grafiki ndicho kipuri ghali kuliko vyote ndani ya kasha, kwa hiyo haifai kuhukumiwa kwa hisia. Kabla hujafungua skurubu hata moja, jiulize mashine imezimaje. Imekata papo hapo, au imeonyesha skrini ya bluu kwanza? Picha imepotea huku sauti ikiendelea? Imezima katikati ya gemu, gemu lilipokuwa linafunguka, au umeiacha imekaa tu? Kila namna ya kuzima ina vyanzo vyake, na ukichanganya utanunua vipuri hadi uchoke.

Izuie kwanza isijiwashe

Windows huja ikiwa imepangwa kujiwasha upya kila inapopata kosa zito. Ndiyo maana wengi huapa kwamba hawajawahi kuona skrini ya bluu: inapita haraka mno. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia kichupo cha Advanced, bonyeza Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, halafu toa tiki kwenye Automatically restart. Cheza tena. Kama ni Windows inayoamua kuzima, safari hii mashine itabaki na ujumbe wake wa kosa (kwenye matoleo mapya ya Windows 11 skrini hiyo ni nyeusi, si bluu tena) na utapata muda wa kuupiga picha kwa simu. Ikijiwasha vilevile, basi umeme au kipuri ndicho kilichokata, na Windows imeshtukizwa kama wewe.

Hatua hii haina gharama na inaligawa tatizo katikati. Sioni sababu ya mtu kuiruka.

Mashine ikishawaka tena, bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs, kisha System, utafute mstari wa Kernel-Power wenye namba 41. Mstari huu umewatisha watu wengi bure, na wapo walionunua pawa saplai (kipuri kinachoigawia kompyuta umeme wa ukutani) kwa sababu tu ya jina lake. Unachosema ni kwamba mara ya mwisho mashine haikufungwa kwa utaratibu, basi. Tena unaandikwa baada ya mashine kuwaka, si wakati inazima. Chenye faida kimo ndani: bonyeza Details utazame BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikupata nafasi ya kuandika chochote, na mara nyingi hapo tunaingia kwenye umeme. Ikiwa namba nyingine, ni kosa lilelile la skrini ya bluu, ila limeandikwa kwa hesabu ya kumi badala ya kumi na sita: 292 ni 0x124, 278 ni 0x116, 26 ni 0x1A. Tazama pia kama kuna mistari ya WHEA-Logger karibu na muda ule. Ikiwepo, ni vifaa vyenyewe vinavyolalamika: prosesa, RAM au njia za PCIe (zinazounganisha kadi ya grafiki na prosesa).

Inakata papo hapo, kama mtu kachomoa waya

Anzia ukutani, si ndani ya kasha. Mafundi wengi wa kompyuta huanzia ndani, na ndiyo maana kuna mashine zinazopona zikifika kwa fundi na kuugua tena zikirudi nyumbani. Mashine moja ya kibanda cha gemu ilikuwa inazima kila jioni, lakini ikipelekwa kwa fundi inacheza mchana kutwa. Kumbe ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni moja na friji ya soda, na katikati yao kulikuwa na stabilaiza ya bei rahisi. Kompresa ya friji ikiamka, volti zinaporomoka, stabilaiza inapiga "tak" kubadili njia, na kompyuta inajiwasha upya. Friji ilipohamishiwa soketi nyingine, kesi ikaisha.

Ile "tak" ina maelezo yake. Stabilaiza za rilei hukata umeme kwa muda mfupi sana zinapohama kutoka hatua moja kwenda nyingine. Pawa saplai ya kompyuta imejengwa kuvumilia ukosefu wa umeme kwa milisekunde 16 hivi ikiwa nzima. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 20, kwa hiyo hata pawa saplai mpya hailazimiki kuvumilia mzunguko mmoja uliopotea. Iliyozeeka, kapasita zake zikiwa zimechoka, huvumilia pungufu ya hapo, na inavyobanwa na gemu ndivyo uvumilivu unavyopungua. Ndiyo sababu ukiwa unaangalia video umeme ukipepesa hakuna kitu, lakini ukiwa vitani mashine inakufa.

Kama pawa saplai yako imeandikwa 100–240V, umeme mdogo wa jioni peke yake si tatizo kubwa kwake, na kusema kweli stabilaiza inaweza kuwa inaleta madhara kuliko faida. Ijaribu moja kwa moja ukutani kwa siku chache kama eneo lenu halina umeme wa kupanda ghafla. Ikiwa ni ya zamani yenye swichi nyekundu ya 115 na 230 mgongoni, hiyo haina uvumilivu huo, na usithubutu kuigusa hiyo swichi: ukiiweka 115 kwenye umeme wa kwetu itapasuka. Vile vifaa vya kulinda friji navyo si vya kompyuta. Volti zikishuka chini ya kiwango chake kinakata, kisha kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, jambo zuri kwa kompresa na baya kwa mtu aliye katikati ya mechi.

UPS, ile betri ya akiba, nayo ina hila yake. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ni VA, si wati. UPS ya 650VA mara nyingi haifiki wati 400, na mashine yenye kadi kubwa pamoja na skrini inaweza kupita hapo gemu likiwa zito. Dalili yake haijifichi: umeme ukikatika, UPS inapiga kelele moja na kila kitu kinazima, wakati ukiwa kwenye maandishi tu inabeba vizuri. Hiyo haijaharibika, imezidiwa.

Shika plagi kwa mkono baada ya nusu saa ya kucheza. Ikiwa ya moto, soketi au ekstensheni imelegea ndani. Ibadilishe leo, maana hapo hatuzungumzii tena gemu bali moto wa nyumba.

Ukuta ukiwa safi, sasa njoo kwenye pawa saplai yenyewe. Soma lebo yake, lakini si ile namba kubwa. Tafuta safu ya +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hula karibu zote kutoka hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ikiwa lebo imeandikwa 600W na safu ya 12V inasema 25A, una wati 300 za kuchezea gemu, mengine ni mapambo. Pawa saplai nyingi zinazokuja bure ndani ya kasha zina lebo za namna hii, na uzito wake mkononi unakwambia kabla hujasoma.

Hata yenye wati halali inaweza kushindwa, na hapa ndipo watu wengi hubisha. Kadi kubwa hazili umeme kwa utulivu. RTX 3080 na 3090 zilipotoka Septemba 2020, zilitajwa kuwa za wati 320 na 350, lakini kwa milisekunde chache huruka juu zaidi ya hapo, na pawa saplai nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri na kadi za awali zikaanza kukata. Mwaka 2022 ndipo kiwango cha ATX 3.0 kilipokuja kikidai pawa saplai ivumilie hata mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Kwa hiyo multimita ikikuonyesha 12.1 usiseme pawa saplai nzima. Kati ya 11.4 na 12.6 ndiko inakotakiwa kuwa, sawa, ila multimita haioni kilichotokea ndani ya milisekunde moja.

Kinachoona ni jaribio hili. Weka programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70, kisha funga gemu kwenye fremu 60 kwa sekunde. Cheza kama kawaida. Ikiwa mashine iliyokuwa inakufa kila ukifungua menyu ya gemu sasa inamaliza jioni nzima, umeshajua: ni pawa saplai au waya zake. Menyu, ndiyo. Menyu isiyo na kikomo cha fremu huifanya kadi ikimbie mamia ya fremu bila sababu, na mruko wa umeme huwa mkali pale kuliko ndani ya gemu. Kumbuka tu kwamba kushusha umeme kunashusha na joto, kwa hiyo soma sehemu ya joto hapo chini kabla ya kwenda dukani.

Tofauti ndogo yenye thamani: pawa saplai ikijifunga kwa ulinzi wake, mara nyingi mashine hubaki imezima na haiwaki mpaka uizime swichi ya nyuma na kusubiri kidogo. Ikijiwasha yenyewe papo hapo, fikiria zaidi kuyumba kwa umeme kwa muda mfupi, au prosesa.

Waya nazo zikague. Plagi ya pini 8 ya kadi imekusudiwa wati 150, na tundu la mazabodi (bodi kuu) linatoa hadi 75. Kadi yenye matundu mawili ipe waya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Kadi zenye plagi ndogo ya pini 16, iliyopata sifa mbaya baada ya RTX 4090 kutoka Oktoba 2022 na plagi za watu kuyeyuka, plagi isukume hadi isiwe na mwanya wowote, na waya usipindwe karibu na plagi. Kamwe usikope waya wa pawa saplai nyingine hata kama unaingia. Upande wa kadi pini ni zilezile, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na kuna watu waliochoma diski zote kwa waya mmoja wa kuazima.

Picha inapotea, sauti inakwama, feni zinavuma

Hapa ndipo kadi ya grafiki inapokuwa mtuhumiwa halali. Kwenye Event Viewer tafuta namba 4101 au jina nvlddmkm, ambalo ni draiva ya NVIDIA. Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu. Isipojibu, huiwasha upya draiva, na ikishindikana ndipo unapata kosa 0x116.

Anza na draiva. Ingia Safe Mode, tumia Display Driver Uninstaller kufuta mabaki yote ya zamani, halafu weka toleo jipya. Draiva mpya ikisumbua, rudi toleo la nyuma, si aibu. Ondoa ovakloki yote (kasi iliyopandishwa kupita ya kiwandani), na pia upunguzaji wa volti uliouona kwenye video ya mtu mwingine, kwa sababu chipu ya kadi yake si ya kwako. Chomoa kadi, futa meno yake kwa kifutio cha penseli, uirudishe mpaka kishikizo kilie. Kadi nzito inayoning'inia ibebeshwe kijiti. Kama umeiweka wima kwa kutumia waya wa kurefusha, nenda BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa kabla ya Windows) ushushe PCIe hadi kizazi cha 3. Tatizo likitoweka, waya huo haufai kwa kasi ya juu.

Kadi ya mtumba, hasa iliyotoka kuchimba sarafu za kidijitali, ichunguze joto la memori. Kwa kadi zenye memori ya aina ya GDDR6X, memori ikifika nyuzi 110 kadi hujipunguza kasi. Chipu yenyewe inaweza kusoma nyuzi 70 na ukadhani mambo ni shwari huku memori ikiungua kwa sababu pedi zake za kupitisha joto zimekauka.

Skrini ya bluu yenye kosa tofauti kila mara

Leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT, keshokutwa draiva ya sauti ndiyo inalaumiwa. Makosa yasiyo na msimamo ni tabia ya RAM. Ingia BIOS uzime XMP au EXPO, mipangilio inayopandisha kasi ya RAM. Wengi hawajui kwamba hiyo ni ovakloki: bila hiyo, RAM nyingi za DDR4 zinarudi kasi ya 2133 na za DDR5 4800. Zikitulia hapo, RAM au prosesa haikubali kasi ya juu, na kushusha hatua moja tu kunaweza kutosha. Zisipotulia, andaa flashi ya MemTest86 (programu ya kupima RAM) uiache usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa. Hakuna RAM "nzuri kiasi". Jaribu kijiti kimoja kimoja kwenye tundu la pili kutoka kwa prosesa. Viwili hukaa tundu la pili na la nne, na vijiti vilivyonunuliwa kwa nyakati tofauti vinaweza kugombana hata kama lebo zinafanana.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, kuanzia Mombasa hadi Mtwara: hewa ya chumvi hushika meno ya RAM. Kuyafuta kwa spiriti safi ya kusafishia vifaa ni jambo la kwanza, sio la mwisho.

0x124, WHEA, na prosesa

Ukipata kosa 0x124 au mistari ya WHEA na una prosesa ya Intel ya mezani ya kizazi cha 13 au 14, hasa i7 na i9, simama hapa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa mapema. Marekebisho yalitoka kupitia BIOS, msimbo 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba mwaka huohuo, na dhamana ikaongezwa miaka 2. Dalili yake ya ajabu ni gemu za Unreal Engine kulalamika kwamba memori ya kadi imejaa wakati kadi haina shida, au gemu kuanguka linapoandaa picha zake mara ya kwanza. BIOS mpya huzuia uharibifu, haiponyi chipu iliyokwisha kuharibika. Ukinunua mtumba wa aina hiyo, muulize muuzaji imekuwa ikitumia BIOS gani, na uulize habari ya dhamana kabla ya kulipa.

Kwa Ryzen, prosesa za AMD, angalia kama mwenye mashine aliyekutangulia alipunguza volti kwa Curve Optimizer. Mashine za namna hiyo hupita kila jaribio zito, kisha zinajiwasha upya ukiwa unasoma barua pepe, kwa sababu volti zinakuwa chache mno wakati wa kupumzika. Rudisha BIOS kwenye hali ya kiwandani. Ikiendelea kuzima ikiwa imekaa tu, tafuta Power Supply Idle Control kwenye BIOS uweke Typical Current Idle. Mpangilio huo umewasaidia wengi wenye pawa saplai za zamani.

Kusasisha BIOS kunahitaji umeme usiokatika. Fanya ukiwa na UPS isiyozidiwa, au saa ambayo mtaani kwenu umeme huwa umetulia.

Joto

Nimeliweka nyuma kwa makusudi, kwa sababu hulaumiwa kuliko linavyostahili. Prosesa za sasa hujipunguza kasi zenyewe kabla ya kufa: Ryzen 7000 kwa nyuzi 95, nyingi za Intel kwa nyuzi 100. Joto huanza na gemu kuwa zito, na linachukua muda. Mashine inayokufa sekunde ya kumi si ya joto, isipokuwa pampu ya kipoza maji imekufa au hitsinki imeachia.

Usikae ukitazama namba kwenye skrini, maana ikizima hukumbuki chochote. Fungua programu ya HWiNFO64, iambie iandike vipimo kwenye faili kila sekunde 2, kisha ucheze. Baada ya mashine kuzima, fungua faili usome mistari ya mwisho. Joto lililopanda taratibu hadi kikomo litaonekana. Kama mstari wa mwisho unaonyesha nyuzi 68 na kila kitu kimetulia, rudi kwenye umeme. Na usisahau feni ya pawa saplai, ambayo kwenye makasha mengi inavuta hewa kutoka chini. Kasha likiwekwa juu ya zulia, inavuta manyoya.

Vitu vidogo vinavyochelewesha watu

Kitufe cha reset kilichokwama kinaweza kuiwasha upya mashine kila ukigonga meza. Chomoa waya wake kwenye mazabodi, hutaukosa. Skurubu iliyoanguka nyuma ya mazabodi hufanya shoti inayokuja na kuondoka. USB ya mbele iliyopinda pini nayo vilevile. Makosa 0x7A na 0xEF yanaelekeza kwenye diski: soma afya yake kwa CrystalDiskInfo, uhamishe kazi zako kabla ya kuendelea na kitu kingine. Na kama ni gemu moja tu linalojifunga na kukurudisha kwenye dawati huku kompyuta ikiwa hai, hilo ni tatizo la gemu lile.

Ukiwa umefika hapa bila jibu, azima pawa saplai kwa mtu unayemwamini, iliyokamilika na waya zake zote, kabla ya kuazima kitu kingine chochote. Tatizo likikwisha, usirudishe XMP, ovakloki na fremu zote siku moja. Rudisha kimoja, endesha programu ya OCCT kwa saa nzima ukibana prosesa na kadi kwa pamoja, cheza jioni moja, kisha ndipo uguse kinachofuata.